Uchovu unaobaki mionzi ikiisha

Mwanamke wa Nyandira, kwenye milima ya Uluguru, anayemaliza mionzi asubuhi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kulala Morogoro mjini usiku huohuo. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 imeifanya safari hiyo kuwa ya takribani saa mbili. Kinachobaki ni mlima: gari la Mgeta, bodaboda, kisha miguu. Anafika nyumbani na karatasi yenye tarehe ya kurudi kliniki, na shamba limemsubiri tangu alipoondoka. Ndugu wanajua amepona. Wiki chache baadaye anafua nguo tatu na kulazimika kulala, na watu wanaanza kumtazama vibaya.

Uchovu ni athari ya matibabu ya saratani inayowapata wagonjwa wengi kuliko kichefuchefu, kuliko hata kunyonyoka nywele. Si uchovu wa mkulima aliyetoka shambani, kwa sababu haulingani na kazi iliyofanyika na haumalizwi na usingizi. Mtu anaamka amechoka. Anasahau alichofuata dukani, maneno yanamponyoka katikati ya mazungumzo, hamu ya kukaa na watu inamtoka. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja. Lakini kwa kati ya robo na theluthi ya waliotibiwa, hali hii inaweza kuendelea kwa miaka.

Chanzo chake si kimoja. Saratani, mionzi na kemo huichokoza kinga ya mwili, na kemikali ambazo seli za kinga hupashana nazo habari hufika hadi kwenye ubongo na kuufanya uishi kama mtu mwenye homa ya malaria, asiyetaka chochote ila kulala. Usingizi huvurugika, misuli hulegea kwa wiki za kulala kitandani. Juu ya hayo kuna mambo ya kawaida ya hapa kwetu: upungufu wa damu, malaria yenyewe, minyoo, chakula kidogo, sonona. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mara nyingi amevuja damu kwa miezi kabla ya kugundulika, na wakati mwingine anaishi na VVU. Aliyepigwa mionzi shingoni anaweza baadaye kupungukiwa homoni za tezi ya shingo. Yote haya yanapimika, na mengine yanapimika kwenye kituo cha afya cha kata. Ndiyo maana siuamini ushauri wowote wa uchovu, wa ana kwa ana au wa mtandaoni, unaoanza kabla mtu hajapimwa damu. Bitruti na rozela ni vinywaji vizuri, lakini haviwezi kushika nafasi ya kipimo.

Ughaibuni tatizo hili lina programu zake za simu. Untire, iliyotengenezwa Uholanzi, ilijaribiwa kwa watu 799 wa Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, na matokeo ya mwaka 2020 yakaonyesha kwamba waliopewa walipungukiwa uchovu kuliko waliowekwa kwenye foleni ya kusubiri, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Ninaoupenda zaidi ni utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2017, wenye watu 167 waliochoka sana. Kundi moja lilivaa kifaa cha kupima mwendo na kupata maoni ya mtaalamu wa fiziotherapia kila wiki kwa njia ya mtandao. La pili lilifundishwa kutuliza akili, nalo likiandikiwa na mtaalamu kila wiki. La tatu lilitumiwa barua pepe za elimu tu. Waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 66, 49 na 12. Elimu ya uchovu, ikitumwa bila mtu wa kujibu, ilisaidia wachache sana.

Hapo ndipo ninapoona njia kwa ajili ya Uluguru, maana mtu wa kujibu hahitaji simu janja. Ocean Road yenyewe imeshajaribu jambo la karibu na hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia kwa simu wagonjwa 49 wenye saratani isiyoponyeka, wakiulizwa maswali ya dalili mara mbili kwa wiki kwa muda wa hadi miezi minne, wengine kupitia programu na wengine kwa kupigiwa. Lengo lilikuwa huduma shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wasiopona, si uchovu wa waliopona, lakini utaratibu ni uleule.

Swali ni kitu gani kisemwe kwenye simu hiyo. Mwaka 2017 watafiti waliojumlisha tafiti 113 zenye washiriki 11,525 walionyesha, katika jarida la JAMA Oncology, kwamba mazoezi na tiba ya kisaikolojia hupunguza uchovu huu kuliko dawa. Miongozo ya kimataifa ya 2019 ilitaja hata dozi: mazoezi ya wastani ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Wastani maana yake unaweza kuzungumza huku unatembea, lakini huwezi kuimba. Dozi hiyo inawafaa zaidi watu wanaoketi mno. Kwenye vijiji vya Uluguru kama Nyandira au Kinole, kwenda mtoni ni mteremko na kurudi ni mlima wenye ndoo kichwani. Na kwa Waluguru, ambao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, shamba mara nyingi ni la mwanamke mwenyewe. Kumwambia alipumzishe ni kugusa mambo makubwa kuliko afya.

Kwa hiyo muuguzi anayepiga simu huko hahimizi mazoezi kwanza. Anatafuta kipimo cha kazi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Jana ulilima?”

“Kidogo tu.”

“Kidogo mpaka saa ngapi?”

“Mpaka saa sita.”

“Na leo?”

“Leo sijatoka ndani.”

Mtindo huu hujirudia kwa wagonjwa wengi. Siku anayoamka na nguvu anafidia siku zilizopotea, kisha analala siku mbili. Dawa yake ni kupima kazi kwa siku mbaya. Kama siku mbaya anamudu palizi ya dakika 20, siku nzuri nayo iwe dakika 20, apumzike kabla ya kuchoka, na aongeze kidogo kila wiki. Kila anapopigiwa aupe uchovu alama, kuanzia 0 hadi 10. Ikifika 4 na kuendelea, muuguzi anachimba zaidi: usingizi, chakula, damu, mawazo. Homa, kutokwa damu, kuhema ukiwa umekaa au mguu mmoja kuvimba si mambo ya kushauriana kwa simu; hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kuna mambo madogo yanayoharibu kazi hii. Kumtaka mgonjwa apande kilimani kushika mtandao ili aulizwe kama amechoka ni kichekesho, kwa hiyo akubaliane na muuguzi saa atakayokuwa mahali panaposhika. Makundi ya WhatsApp hufaa kwa ujumbe wa sauti, hasa kwa wasiopenda kusoma, ila kundi lisilo na mtaalamu huvamiwa upesi na wauza dawa za maajabu. Spika ya simu nayo ina wakati wake: ifungwe wakati wa kuuliza kuhusu VVU na mambo ya ndoa, kisha ifunguliwe mume, dada au binti asikie kutoka kwa mtaalamu kwamba huo si uvivu. Mara nyingi dakika hizo za mwisho ndizo zinazompunguzia ndoo za maji.

Muuguzi akipiga kwa salio lake mwenyewe, simu zitakoma katikati ya mwezi. Vocha iwekwe kwenye bajeti ya kliniki pamoja na glavu, na karatasi ya kumruhusu mgonjwa iandikwe namba mbili: yake, na ya mtu anayekaa naye.