Taarifa za Moyo ni Haki ya Mwenye Moyo

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba amwuguzaye ndiye ajuaye linalomfaa, na mgonjwa kazi yake ni kupokea. Hata hivyo, kuna wagonjwa wa zama hizi ambao methali hiyo haiwafai tena. Hao ni wale wanaoishi na vifaa vya umeme vilivyopandikizwa kifuani ili kuulinda moyo.

Vifaa hivyo si vigeni. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska nchini Uswidi, daktari Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa hicho kilidumu kwa saa chache tu. Lakini Larsson, akibadilishiwa vifaa mara kwa mara, aliishi hadi mwaka wa 2001, akafariki akiwa na umri wa miaka 86.

Kifaa cha siku hizi hakiishii kuuchochea moyo unaolegea. Huweka rekodi ya mapigo yaendayo kombo, hupima nguvu za betri na uzima wa nyaya. Mwenyewe akiwa usingizini, hupeleka habari hizo bila waya hadi kwenye mtambo mdogo ulio kando ya kitanda, au kwenye simu ya mkononi. Kutoka hapo husafiri hadi kwenye hifadhi ya kampuni iliyokiunda, ambako daktari huzisoma.

Manufaa yake hayana ubishi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2010, uliohusisha wagonjwa 1,339 wenye vifaa vya kuushtua moyo, ulionyesha kwamba hitilafu za wale waliofuatiliwa kwa mbali kwa kawaida zilichunguzwa na daktari kabla ya siku 2 kupita. Kwa wenzao waliongojea miadi ya kliniki, muda huo ulikuwa siku 36. Kwa mgonjwa wa Mandera, aliye yapata kilomita 1,000 kutoka Nairobi, tofauti kama hiyo ni nauli, ni siku za kazi, na pengine ni uhai wenyewe.

Lakini hebu tuitazame njia ya habari hizo. Zatoka kifuani mwa mgonjwa, zapita kando ya kitanda chake, zafika kwa kampuni ya ng'ambo, kisha kwa daktari. Mwenye moyo aghalabu ndiye wa mwisho kujua, na akiambiwa, huambiwa kwa muhtasari. Wakati huohuo, wengine waweza kuzipata. Mwaka wa 2016, katika mji wa Middletown, jimbo la Ohio, polisi walipewa kibali cha kuchukua rekodi za kifaa cha moyo cha mtu aliyeshukiwa kuiteketeza nyumba yake. Mwaka uliofuata, jaji aliamua kwamba rekodi hizo zaweza kutumiwa kama ushahidi. Ikiwa kampuni, daktari na hata polisi waweza kuusoma moyo wa mtu, mwenyewe anyimwe kwa hoja gani?

Wapo wasemao kwamba mgonjwa atatishika bure kila aonapo pigo moja limekwenda upande. Hofu hiyo ipo, ila dawa yake ni maelezo, si kufichwa. Isitoshe, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rekodi yaweza kuonyesha kwamba moyo ulikwenda mbio saa tisa usiku. Ni mgonjwa pekee ajuaye kama alikuwa amelala au alikuwa akimbeba mtoto mgonjwa kumkimbiza zahanati.

Kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Mgonjwa asiyeelezwa hudhani kwamba kuna jicho linalomwangalia usiku na mchana. Sivyo. Huduma hii haikukusudiwa kuwa ya dharura, na ujumbe uliotumwa Jumamosi usiku waweza kungojea hadi daktari afungue ofisi Jumatatu. Mtu aumwaye na kifua, akatulia nyumbani akiamini kwamba daktari amekwisha kuona, atakuwa ameponzwa na chombo kilichowekwa kumwokoa.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inampa kila mtu haki ya kuziona habari zake zilizohifadhiwa na wengine. Basi mgonjwa haombi hisani. Yafaa kila hospitali, kabla ya kupandikiza kifaa, impe mgonjwa maandishi katika lugha aielewayo, yanayomweleza habari zake zinakwenda wapi, nani anazisoma na kwa saa zipi, na afuate njia gani kupata nakala. Aidha aelezwe waziwazi ni dalili zipi zikimpata asingojee simu ya daktari, bali aende hospitali mara moja.

Uji mgonjwa na apewe bila kuulizwa. Kuhusu habari za moyo wake, na aulizwe, na ajibiwe.