Ukali, Uchungu na Uchachu: Istilahi za Kuonja Bia

Neno "kali" limebebeshwa mzigo mzito katika lugha ya waonjaji. Mtu asemapo "bia hii ni kali", mpika pombe hawezi kutambua kama kinachokusudiwa ni nguvu ya kileo, uchungu au uchachu. Ilhali mambo haya yana asili mbalimbali. Kileo hutokana na hamira kula sukari ya kimea au ya ndizi. Uchungu wa bia ya shayiri hutokana na maua ya hopsi, na ule wa mbege ya Wachagga hutokana na magome ya msesewa. Uchachu huletwa na bakteria watengenezao asidi. Aliyeambiwa "kali" tu aweza kupunguza msesewa, kumbe kasoro imo katika chombo kisichosafishwa vema.

Kwa hiyo yapendekezwa kwamba "ukali" utumike kwa nguvu ya kileo pekee, na "uchungu" na "uchachu" yabaki na maana zake. Tena istilahi hizi zitaje ladha, zisiihukumu: bia za lambiki za Ubelgiji hufanywa chachu kwa makusudi, na uchachu huo ndio sifa yake.