Neva zina mwendo tofauti, nasi twaziita zote ‘mshipa’

NENO ‘mshipa’ limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Damu hupita katika mshipa. Hisia nazo hupita katika mshipa. Kano inayofunga msuli kwenye mfupa huitwa mshipa na watu wengi, na mwanamume mwenye ngiri husema ana mshipa. Basi mzee akifika kwenye zahanati na kusema, “Mishipa ya mguu inanisumbua,” bado hajamwambia mhudumu lolote. Ni damu, ni kano au ni neva?

Wataalamu wa istilahi walijaribu kulitatua tatizo hili kwa kusema ‘mshipa wa damu’ na ‘mshipa wa fahamu’, na baadaye ‘neva’ ikaingia katika vitabu vya shule. Hatua hiyo ni nzuri, ila haijatosha. Hata tukishakubaliana kwamba tunazungumzia neva, bado ndani ya neva moja mna nyuzi za aina mbalimbali, na kila aina ina kazi yake na mwendo wake. Lugha isipozitenganisha, mgonjwa anaweza kuumia bila mtu kujua.

Tuchukue mfano wa mkata miwa wa Butali, Kaunti ya Kakamega, anayejikwaa kwenye kisiki akiwa pekupeku. Kwanza anajua kwamba kidole kimegonga kitu. Papo hapo anasikia uchungu mkali, kama wa kudungwa sindano. Halafu, baada ya kitambo kama cha sekunde moja, yanakuja maumivu mengine: mazito, yanayounguza, yasiyotaka kuondoka. Kidole ni kimoja na kisiki ni kimoja. Mbona taarifa zimekuja mara tatu?

Jibu ni kwamba zimepitia njia tatu. Taarifa ya mguso husafiri kwa kasi ya mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Uchungu wa kwanza huenda mita 5 hadi 30. Maumivu ya pili hujikokota kwa nusu mita hadi mita 2 kwa sekunde. Kutoka kidole cha mguu hadi uti wa mgongo ni takriban mita 1 kwa mtu mzima. Kwa hivyo mguso hufika huko kabla hujapepesa jicho, ilhali maumivu ya pili huchukua hata sekunde nzima. Mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayerudi kutoka sokoni bila haraka. Nyuzi zenye kasi kuliko zote, zinazoujulisha ubongo hali ya misuli, hufikia mita 100 na zaidi kwa sekunde. Hizo ni kilomita 360 kwa saa. Hakuna matatu ya kuzifukuza!

Zamani iliaminika kwamba kasi hii haiwezi kupimwa. Johannes Müller, mwanafiziolojia mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa na maoni hayo. Mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, alimpinga kwa vitendo mwaka wa 1850. Alitumia neva ya chura akapata takriban mita 27 kwa sekunde. Baadaye Joseph Erlanger na Herbert Gasser wa Marekani walionyesha kwamba neva moja hubeba makundi ya nyuzi zenye kasi tofauti, wakayapa majina ya herufi A, B na C. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1944.

Tofauti hiyo inatokana na nini? Mkulima wa Butali ana jibu shambani mwake. Hebu autazame muwa. Una pingili ndefu, kisha fundo, kisha pingili nyingine. Uzi wa neva ulio wa kasi umeumbwa hivyo hivyo. Pingili zake zimevikwa ala ya mafuta na protini iitwayo mayelini, na kila pingili ina urefu wa takriban milimita 1. Kati ya pingili na pingili kuna fundo lisilo na ala, ambalo vitabu hulitaja kwa jina la Mfaransa Louis-Antoine Ranvier. Ishara ya neva ni badiliko la umeme linalotokea milango midogo ya uzi inapofunguka na kuingiza sodiamu. Katika uzi wenye ala, milango hiyo imesongamana kwenye mafundo, hivyo ishara huruka kutoka fundo hadi fundo. Uzi wa maumivu ya pili hauna ala. Ishara yake hulazimika kufungua milango njia nzima, mfano wa matatu linalosimama kila kituo kati ya Kakamega na Webuye.

Unene pia huchangia. Uzi mnene hupitisha umeme kwa urahisi, kama bomba pana linavyopitisha maji. Ngisi, yule anayeliwa na Wapwani kwa mchuzi, hana mayelini. Yeye amejaliwa uzi wa neva unaokaribia milimita 1 kwa unene, na ndio ambao Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliutumia kueleza umeme wa neva katika makala zao za 1952. Hata hivyo, kasi yake ni kama mita 25 tu kwa sekunde. Binadamu hupata mara nne ya kasi hiyo kwa uzi ambao unene wake ni sehemu 1 ya 50 ya milimita. Hiyo ndiyo faida ya pingili na fundo.

Utauliza, mbona basi nyuzi zote zisivikwe ala? Ala ina gharama na huhitaji nafasi. Isitoshe, maumivu ya pili hayana sababu ya kuharakisha. Kazi ya uchungu wa kwanza ni kukufanya uuondoe mguu. Kazi ya maumivu ya pili ni kukufanya uutunze mguu huo hadi upone.

Sasa turudi kwenye lugha. Mgonjwa akisema, “Mguu unanichoma,” amesema mambo mawili kwa neno moja, kwani mwiba huchoma na moto huchoma. Afadhali aulizwe: unadunga au unaunguza? Kitenzi ‘kusikia’ ni kigumu zaidi. Kwetu mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi na husikia maumivu. Kwa hiyo “sisikii mguu” inaweza kuwa na maana kwamba hahisi akiguswa, au kwamba anahisi akiguswa ila hajui kama maji ni ya moto. Joto na maumivu hubebwa na nyuzi nyembamba, na mguso hubebwa na zile nene. Kundi moja linaweza kuharibika huku jingine likiendelea na kazi.

Hili si suala la vitabuni tu. Kule Alupe, Kaunti ya Busia, kulikuwa na kituo cha utafiti wa ukoma kilichohudumia Afrika Mashariki. Bakteria ya ukoma, iliyogunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka wa 1873, hujificha ndani ya seli za Schwann, ambazo ndizo zinazozivika neva za mwilini ala ya mayelini. Aghalabu uwezo wa kutambua joto na baridi hupotea mapema. Mtu hushika sufuria ya moto bila habari, na majeraha asiyoyahisi ndiyo humnyang’anya vidole. Ukoma una tiba, na ukitambuliwa mapema vidole husalia.

Kisukari nacho kimezidi kuenea. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu neva, na madhara huanzia miguuni kwa sababu neva za huko ndizo ndefu kuliko zote. Mara nyingi nyuzi nyembamba hutangulia. Mgonjwa huhisi kiatu mguuni lakini hahisi kokoto iliyomo ndani, anatembea nayo kutwa nzima, kidonda kinaanza.

Kwa hiyo, mtu akikwambia mguu umekufa ganzi, usimpe pole ukaishia hapo. Ganzi ya kukalia mguu huisha kwa dakika chache. Ile inayodumu inahitaji maswali matatu: Unahisi ukiguswa? Unatambua moto na baridi? Unahisi ukidungwa? Vipimo ni kazi ya mhudumu wa afya, lakini maswali yanaweza kuulizwa na yeyote. Nao walimu wa sayansi wasihangaike kutafuta istilahi mbali. ‘Pingili’ na ‘fundo’ ni maneno ambayo mtoto wa Butali anayajua kabla hajaanza shule.