Je, Wajua? Simu Hupima Hatua za Mgonjwa wa Parkinson

Kihisi kinachogeuza picha kwenye kioo unapoilaza simu ndicho kinachoweza kupima mwendo wa mgonjwa wa Parkinson. Mwaka 2015 ilizinduliwa Marekani programu ya mPower: simu ikiwa mfukoni, mtu alitembea hatua 20, akageuka, kisha akasimama wima sekunde 30. Hapo kwenye kugeuka ndipo wagonjwa wengi hukwama. Kihisi hunasa hata kuyumba kudogo kusikoonekana kwa macho.

Lakini huku Tanzania wapo wagonjwa wasiojulikana: wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Ndugu wa Newala na Masasi, babu akiburuta miguu na mkono wake ukitetemeka hata akiwa ametulia, msiseme ni uzee tu; huenda ni Parkinson. Mpelekeni Hospitali ya Ndanda.