Je, Wajua? Kuhara Damu kwa Vifaranga

Kericho na Bomet hunyeshewa karibu mwaka mzima, na mvua inayostawisha majani chai ndiyo hiyo hiyo inayolowesha maranda kwenye banda la kuku. Humo hujificha eimeria, kimelea cha seli moja tu.

Aina saba hushambulia kuku. Iliyo kali zaidi, Eimeria tenella, huvamia vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo na kuviharibu hadi kifaranga anakunya damu, mabawa yamelegea, manyoya yamemsimama. Walio na wiki 3 hadi 6 ndio huathirika zaidi.

Vijiyai vya kimelea hiki vikitoka na kinyesi haviambukizi papo hapo. Huhitaji unyevu, hewa na joto kwa siku 1 au 2. Baridi ya Kericho na Bomet ingevichelewesha, ila jiko la makaa la kulelea vifaranga huvipa joto lote vinalohitaji! Dawa nyingi za kuua viini navyo havizisikii.

Tiba ya kawaida ni amproliamu, huchanganywa na maji ya kunywa. Binadamu haambukizwi. Kuku aliyepona hujenga kinga, lakini dhidi ya aina iliyomuuguza tu; zile sita nyingine bado zaweza kumlaza.