Kelele za Bujumbura zinagharimu nini

Picha yenye pikseli 640 kwa 480 ina pikseli 307,200. Kila pikseli ina baiti 3, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na jumla yake ni baiti 921,600. Picha hiyo ikiwa haijabanwa, unaweza kuifungua kama data ghafi kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, na kila baiti ikahesabiwa kuwa sampuli moja ya sauti. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, picha inalia kwa takriban sekunde 21. Kama ni picha ya Ziwa Tanganyika, anga tupu la rangi moja hujirudia kila baiti 3 na kutoa mluzi wa mitetemo 14,700 kwa sekunde, ambao watu wengi wa umri mkubwa hawausikii kabisa. Chini yake kuna mngurumo wa mapigo 23 kwa sekunde, kwa kuwa kila mstari wa picha una baiti 1,920. Paa za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, zitatoa mkwaruzo mtupu.

Gharama ya programu kwa jaribio hilo ni sifuri. Ndiyo maana msanii wa kujitegemea wa Bujumbura anayechezea kelele, picha na sauti za mashine hapaswi kuanza hesabu zake kwenye kompyuta.

Umeme

Nchini Burundi, umeme umemfikia takriban mtu 1 kati ya 10. Bwawa la Rwegura lina megawati 18. Ruzizi II ina megawati 43.8, lakini Burundi inazigawana na Rwanda na Kongo. Kituo cha sola cha Mubuga, kilichofunguliwa mwaka 2021, kiliongeza 7.5. Msanii mwenyewe anahitaji kidogo sana: laptopu ya wati 50 ikifanya kazi saa 5 hula saa-wati 250. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba saa-wati 1,200, na kama ni ya risasi, inafaa kutumia nusu tu ili isife mapema. Nusu hiyo inaendesha laptopu kwa saa 12.

Hata mitambo ina njia ya mkato. Huko Kampala, Uganda, Brian Bamanya, anayejulikana kama Afrorack, alijiundia sinthesaiza kwa vipuri vya elektroniki, maana kuagiza iliyo tayari ni ghali mno.

Sauti

Bei inapanda pale mashine inapotakiwa kusema. eSpeak NG, programu nyingine ya bure yenye ukubwa wa megabaiti chache, inasoma Kiswahili. Ukiipa maandishi ya Kirundi ikiwa kwenye kanuni za Kiswahili, silabi zitatoka, lakini toni hazitatoka, na Kirundi bila toni kinampotezea msikilizaji maana.

Wapiga inanga wa Burundi, ala ya nyuzi, walishakutana na tatizo hilo. Anayenong'ona hatetemeshi nyuzi za koo, kwa hiyo mnong'ono hauna toni. Katika inanga ya kunong'ona, mdomo hutoa maneno na nyuzi za ala hutoa toni, na sikio huunganisha viwili hivyo kuwa sauti moja inayoimba. Homer Dudley wa Bell Labs, Marekani, alifanya kazi ya jamii hiyohiyo kwa umeme miaka ya 1930 alipobuni vokoda, kifaa kinachotenganisha umbo la maneno na chanzo cha sauti.

Njia ya kisasa ni kuifunza mashine kwa saa nyingi za watu wanaozungumza. Mwaka 2023 Meta ilitoa mfumo wa sauti wa lugha zaidi ya 1,100, ukitegemea zaidi usomaji wa Agano Jipya, wastani wa saa 32 kwa lugha. Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kirundi, kina zaidi ya saa 2,000 zilizotolewa na watu wa kujitolea kwenye Common Voice ya Mozilla. Saa 32 zikirekodiwa kwa sampuli 16,000 kwa sekunde, safari hii kila sampuli ikiwa na baiti 2, ni takriban gigabaiti 3.7, na zinaenea kwenye flashi ya mfukoni. Saa 2,000 ni kazi ya mtu mmoja kusoma saa 8 kwa siku, siku 250.

Haki

Sauti za Burundi zilishachukuliwa mapema. Michel Vuylsteke alirekodi huko mwaka 1967, na lebo ya Ocora ya Ufaransa ikatoa santuri. Ngoma za Warundi zikawa msingi wa wimbo "Burundi Black" wa mwaka 1971, na mwaka 1975 Joni Mitchell akazizungusha chini ya sinthesaiza ya Moog katika "The Jungle Line". Nyumbani, amri ya Oktoba 2017 ilizuia wanawake kupiga ngoma, ikataka vikundi viandikishwe, na ikaweka ada ya faranga 500,000 kwa onyesho, takriban dola 280 wakati ule. Kiasi hicho kilikaribiana na pato la wastani la Mrundi kwa mwaka.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa bajeti uwe malipo ya wasomaji na wapigaji, pamoja na ridhaa yao kwa maandishi. Wa pili uwe vibali, wa tatu betri. Kompyuta iliyokwishatumika inaweza kukaa mwisho, na kazi ikapungukiwa kidogo sana.