TRELA LILILOACHWA MTAANI USIKU: NI MZIGO WA NANI?



Wenzetu wengi huhamishwa kazini. Mmoja hutolewa kiwanda hiki akapelekwa kile. Mwingine hutoka kambi moja ya shamba kwenda nyingine. Kitanda, kabati, mabati, magunia ya mahindi na baiskeli hupakiwa katika trela. Mara nyingi safari huanza jioni, baada ya trekta kumaliza kazi za mwajiri. Wanapofika kwenye kota giza limekwisha ingia, na dereva ameamriwa arudishe trekta gereji. Basi trela hufunguliwa, likaachwa barabarani mbele ya nyumba, na watu huagana wakisema, "Tutapakua kesho."

Saa hizo za kungoja kesho ndizo zenye hatari. Katika makala haya tutaeleza kwa nini, na nini kifanyike.

Trela bila trekta

Watu hudhani kwamba trela lililosimama halina madhara. Lakini trela likitengwa na trekta hupoteza mambo mawili makubwa: breki na taa.

Matrela mengi ya shamba hayana breki yake yenyewe. Huzuiwa na trekta linaloyavuta. Matrela ya malori huwa na breki za upepo. Likifunguliwa, breki hukamata. Lakini katika matrela ya zamani upepo uliomo tangini huvuja kidogo kidogo, na kabla ya alfajiri breki zaweza kuachia. Chukua trela la tani 3 kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10 za njia. Uzito wake hulivuta kwenda chini kwa nguvu ya kilo zipatazo 300, yaani sawa na magunia 3 ya kilo 100. Jiwe moja dogo chini ya tairi, juu ya udongo uliolowa mvua, haliwezi kushindana na nguvu hiyo usiku kucha.

Taa nazo hupata umeme kutoka kwenye trekta au lori kwa waya. Waya ukichomolewa, taa zote huzimika. Kinachobaki ni vioo vyekundu vya nyuma vinavyorudisha mwanga wa gari linalokuja. Vioo hivyo navyo vikifunikwa na tope la shambani, havirudishi kitu.

Tena trela la ekseli moja husimama kwa kutegemea mguu wake wa mbele. Watoto wakipanda nyuma kucheza, laweza kuinuka mbele na kuwaangusha, kisha chuma cha kuvutia kikamshukia aliye karibu.

Kwa nini dereva halioni?

Dereva akigonga trela lililosimama, watu husema alikuwa amelewa au amesinzia. Huenda ikawa hivyo. Lakini hata dereva mwangalifu aweza kuligonga, na hesabu yake ni rahisi. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tangu dereva aone kitu mpaka gari lisimame, huhitaji zaidi ya mita 50 katika barabara kavu. Taa zilizoinamishwa humulika vizuri mita 40 hivi tu. Maana yake ni kwamba akiliona trela, amekwisha chelewa. Mwendesha baiskeli asiye na taa, anayewahi zamu ya alfajiri, ana hali mbaya zaidi: huliona akiwa amelifikia.

Matawi ya miti tuliyozoea kuyatupa barabarani husaidia mchana. Usiku hayang'ai, na dereva huyaona akiwa juu yake.

Kwingineko wamefanyaje?

Jambo hili si letu peke yetu, na baadhi ya nchi na miji imeliwekea sheria. Nchini Uingereza magari madogo huruhusiwa kulala bila taa katika barabara za mwendo mdogo, kwa masharti maalumu. Trela haliruhusiwi: haliachwi barabarani usiku bila taa. Katika jiji la New York, Marekani, trela lazima liwe limefungwa kwenye gari linaloweza kulivuta, isipokuwa wakati wa kupakia au kupakua penye jukwaa lililo nje ya barabara. Tena magari ya biashara hayaruhusiwi kuegeshwa katika mitaa ya makazi tangu saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri. Na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani unataka kila trela liwe na angalau vioo viwili vyekundu nyuma, vyenye umbo la pembetatu, pembe moja ikiwa juu.

Ikiwa hapana budi

Lililo bora ni trela kulala ndani ya ua wa kiwanda au wa kambi, mahali tambarare, penye mlinzi. Ikiwa haiwezekani kabisa, fanyeni haya:

1. Chagueni mahali pasipo mteremko, mbali na kona, njia panda na mlango wa shule au zahanati.

2. Wekeni kabari za mbao ngumu mbele na nyuma ya magurudumu ya pande zote mbili kabla ya kufungua trela, si baada yake.

3. Futeni vioo vyekundu kwa kitambaa chenye maji. Wekeni pembetatu ya kung'aa hatua zipatazo 50 kila upande, na taa ya betri upande wa barabara. Msitumie koroboi karibu na magodoro.

4. Fungeni turubai na kamba, pasiwe na bati wala mti uliojitokeza nje.

5. Utingo au mlinzi asilale chini ya trela, hata mvua ikinyesha.

6. Asubuhi ondoeni mawe na kabari zote. Jiwe lililosahauliwa barabarani ni ajali nyingine inayongoja.

Lawama isiishie kwa utingo

Ajali ikitokea, wa kwanza kuulizwa huwa dereva na utingo: "Nani aliliacha hapa?" Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Nani alipanga safari ianze saa 12 jioni? Nani alitaka trekta lirudi usiku ule ule? Nani hakununua kabari wala pembetatu? Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa utingo. Yamo ofisini.

Kwa hiyo tawi la chama lidai mambo matatu katika makubaliano na mwajiri: uhamisho ufanyike mchana, ndani ya saa za kazi, kila trela liwe na kabari na vioo vyake, na kila kambi iwe na mahali maalumu pa kulaza matrela. Dereva akiamriwa kuacha trela mahali pa hatari, amwambie msimamizi mara moja, mbele ya shahidi, na amjulishe mjumbe wa tawi. Mkataba Namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unasema kwamba mfanyakazi wa kilimo mwenye sababu ya haki ya kuamini kuwa kazi inaleta hatari kubwa iliyo karibu, aweza kujiondoa katika hatari hiyo na kumwarifu msimamizi wake bila kuadhibiwa. Ulizeni viongozi wenu kama nchi yenu imeuridhia.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Ajali ya namna hii inayo: ni kabari nne, kitambaa chenye maji, na safari inayoanza asubuhi. Katika mkutano ujao wa tawi, mmoja wenu asimame aulize: trela la mwisho lililoleta vyombo katika mtaa wetu lililala wapi?